Kiini Kisicho na Kifuniko

Leo tuingie ndani ya kompyuta, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupachungulia: pale prosesa inapokutana na chuma kinachoipoza. Chuma hicho, chenye mapezi membamba ya alumini au shaba na mara nyingi feni juu yake, mafundi wetu wanakiita hitisinki, nami nitakiita hivyo hivyo. Kazi yake inajulikana. Prosesa ikifanya kazi inatoa joto, na hitisinki inalichukua joto hilo na kulikabidhi kwa upepo wa feni. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba ziko prosesa nyingi ambazo joto halikupata hata nafasi ya kuziua. Zilikufa siku ileile zilipokuwa zinafungiwa hitisinki. Zilibanwa upande mmoja, zikabanduka pembe, zikapasuka au zikapinda pini, na mwenye mali akaambiwa kompyuta imeungua.

Nasema hivi kwa sababu tumezoea kuliogopa joto, na kuliogopa ni sawa. Lakini ukitazama historia ya kifaa hiki utaona kwamba kwa miaka zaidi ya 20 sasa joto limewekewa walinzi wengi, na mkono wa anayefunga skrubu umeachwa hivi hivi. Tena sisi huku, kwa aina ya kompyuta tunazonunua na mahali tunapozitengenezea, ndio tunaouhitaji zaidi mkono huo uwe mzuri.

Turudi kwanza mwaka 1999 na 2000. Intel ilikuwa imetoa Pentium III ya kizazi kilichoitwa Coppermine. AMD ikaijibu kwa Athlon ya Thunderbird, na pamoja nayo Duron, iliyokuwa ya bei nafuu. Aliyezoea prosesa za kabla ya hapo, akiziona hizi alishangaa. Katikati ya bamba la prosesa palikuwa na kipande kidogo cha silikoni kimejitokeza juu peke yake, kinang'aa, hakina kifuniko wala gamba. Hicho ndicho kiini chenyewe, chenye mamilioni ya transista. Kile cha Thunderbird kilikuwa na eneo la milimita za mraba 120 hivi, yaani sentimita moja na ushei kwa kila upande, na unene wake haufiki milimita moja.

Kwa nini kitu cha thamani namna hiyo kiachwe wazi? Sababu ni joto lenyewe. Tangu miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikuwa na mbinu ya kukilaza kipande cha silikoni kifudifudi: saketi zinatazama chini, zinaunganishwa na bamba kwa vitone vya lehemu, na mgongo wa silikoni unabaki juu. Prosesa za 1999 na 2000 zilifuata njia hiyo. Mgongo ukiwa juu, hitisinki inaweza kuugusa moja kwa moja, na joto halina safari ndefu. Ukiweka kifuniko juu yake umeongeza ukuta mmoja katika njia ya joto. Wakati ule Intel na AMD zilikuwa zinashindana nani atakuwa wa kwanza kufikisha prosesa yake kwenye kasi ya gigahezi moja, na katika mashindano ya namna hiyo kila ukuta ni mzigo.

Sasa, silikoni ni fuwele. Haipindi, haibonyei, wala haikunji uso. Ukiibana kwa usawa, uso mzima kwa wakati mmoja, inavumilia mzigo mkubwa tu. Ukiibana kwenye ukingo au kwenye pembe, pembe inabanduka, na wakati mwingine ufa unaanzia hapo na kuingia ndani zilipo saketi.

Na hebu fikiria hitisinki ya Athlon ilivyokuwa inafungwa. Ilishikwa na klipu ya chuma iliyopita katikati ya mapezi na kunasa kwenye masikio ya plastiki ya soketi, yaani kikalio cha prosesa, huku na huku. Upande wa kwanza ulinasa bila taabu. Upande wa pili ulikuwa na kazi. Fundi alichomeka ncha ya bisibisi bapa kwenye klipu, akaisukuma chini kwa nguvu za bega, kisha akaivuta nje kidogo ili ipite sikio la soketi na kunasa. Katika sekunde hizo chache hitisinki yote inainama. Uzito wa chuma na nguvu za fundi, vyote pamoja, vinaegemea ukingo mmoja wa kile kipande cha sentimita moja. Bisibisi nayo ikiteleza, inashuka hadi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na kukata njia za umeme zilizochorwa juu yake, ambazo ni nyembamba mno. Kazi ya dakika moja, hasara mbili.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao hata mafundi wazoefu uliwanasa. Soketi ya Athlon ilikuwa na upande mmoja ulioinuka, pale penye wenzo wa kufungia prosesa. Kwa hiyo kitako cha hitisinki kilichongwa upande mmoja ili kipite juu ya mwinuko huo. Ukiigeuza hitisinki mbele nyuma, bado inakaa na klipu inanasa, ila kitako kimepanda juu ya plastiki na kimeinama. Silikoni inaguswa kwenye ukingo tu, au haiguswi kabisa. Kama haikuvunjika hapo hapo, iliungua pale swichi ilipowashwa.

AMD waliliona tatizo mapema. Kwenye pembe nne za bamba walibandika visahani vinne vya sponji ya mpira, vilivyoinuka kidogo kupita kiini, ili hitisinki ipate pa kuegemea kabla haijaigusa silikoni. Ni wazo zuri, lakini sponji ni sponji. Mkono mzito unaibonyeza mpaka mwisho na pembe inabanduka vilevile. Na vile visahani vilikuwa vinabanduka: mtu akifuta kwa pupa pesti ya zamani, ile krimu ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, kimoja kinaondoka na kitambaa, na kuanzia siku hiyo hitisinki inaegemea pande tatu.

Ndipo wakazuka wafanyabiashara wa vifaa vya kupozea na dawa yao. Waliuza kibati chembamba cha shaba, kimetobolewa katikati kwa umbo la kiini, unakilaza juu ya bamba ili silikoni na kibati viwe usawa mmoja. Hitisinki ikiinama, inaangukia shaba badala ya pembe ya silikoni. Vibati vile viliuzwa sana kwa watu waliopenda kujitengenezea kompyuta zao, na kwa mtazamo wa kwanza ni jibu lenye akili.

Mimi naona lilikuwa jibu la hatari. Kibati kikiwa kirefu kuliko kiini, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, hitisinki inakalia kibati na kuachana na kiini. Katikati panabaki hewa. Hewa inapitisha joto vibaya sana. Shaba inaishinda takriban mara 15,000. Umeikinga prosesa isivunjike ukaitia kwenye tanuri. Kibati kikiwa kifupi kupita kiasi, hakizuii chochote. Ili kifanye kazi kinatakiwa kiwe na kipimo kamili, na vipimo vya viini vyenyewe havikuwa sawa kabisa kutoka prosesa moja hadi nyingine. Halafu shaba inapitisha umeme, na juu ya bamba la Athlon palikuwa na viunganishi vidogo vilivyo wazi. Kibati kisichopakwa kitu cha kuzuia umeme, kikisogea mahali pasipo pake, kinaunganisha visivyotakiwa kuunganishwa. Waliofanikiwa nacho walikuwa watu waangalifu, na watu waangalifu wangefunga hitisinki salama hata bila kibati.

Nimekaa sana kwenye kibati kwa sababu kinaonyesha ugumu wa jambo lote. Kila unachokiweka ili kuikinga silikoni na mkono kinakaa kwenye njia ya joto, au karibu nayo. Ukiongeza kinga hii unapunguza ile.

Watengenezaji wenyewe hatimaye waliamua. Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, ilikuja na kifuniko cha chuma juu ya kiini. Pentium III za mwisho, zile za Tualatin za 2001, nazo zikavishwa. AMD walivumilia hadi 2003, Athlon 64 ilipoletwa na kifuniko chake. Wala kifuniko hakikuwa uvumbuzi mpya. AMD hao hao walikuwa nacho kwenye K6-2 mwaka 1998, wakakiacha, wakakirudia. Kukirudia kulikuwa na gharama, maana sasa joto linatoka kwenye silikoni, linapita kwenye pesti au lehemu ya ndani, linaingia kwenye kifuniko, linapita pesti ya nje, ndipo linafika kwenye hitisinki. Walikubali gharama hiyo kwa sababu kifuniko kinabeba mzigo na kuusambaza, na fundi akiinamisha hitisinki anabonyeza chuma.

Katika miaka hiyo hiyo joto nalo lilipata mlinzi. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware, iliyoanzishwa na daktari Mjerumani Thomas Pabst, ilitoa video iliyotazamwa sana. Waliziwasha kompyuta, wakaendesha mchezo, kisha wakang'oa hitisinki kompyuta zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo, mchezo ukaenda kwa kusuasua, lakini prosesa haikufa. Pentium III ilisimama, nayo ikapona. Athlon ya gigahezi 1.4 ilitoa moshi. Baada ya hapo hakuna mtengenezaji aliyeweza kulipuuza jambo hilo. Prosesa za leo zina vipima joto ndani yake. Nyingi za Intel zilizo kwenye laptopu zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi zinajipunguzia kasi zenyewe, na hali ikizidi zinajizima.

Kwa hiyo, msikilizaji, unaweza kusema mambo yamekwisha: kifuniko kipo, mlinzi wa joto yupo, tuzungumze mengine. Ungekuwa sahihi kama sote tungetumia kompyuta za mezani. Laptopu hazikupata kifuniko.

Fungua laptopu yako, toa ile paipu bapa ya shaba inayokwenda kwenye feni, na utakiona kiini uchi kama cha Athlon ya mwaka 2000. Sababu ni unene. Mtengenezaji anayetaka mashine nyembamba hana nafasi ya kifuniko, na joto la ndani ya boksi dogo linahitaji njia fupi. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kutumia umeme kidogo, tangu kizazi cha 4 cha mwaka 2013, zina viini viwili kwenye bamba moja, kikubwa na kidogo, vyote wazi. Na kizazi hicho hicho ndicho cha mwisho kuwa na prosesa za laptopu zinazochomoka kwenye soketi. Tangu kizazi kilichofuata zinachomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi. Zamani ukivunja Athlon ulinunua Athlon nyingine ukaendelea na maisha. Leo ukivunja kiini cha laptopu umeua mazabodi nzima, na kwa laptopu iliyotumika bei ya mazabodi inaweza kukaribia bei ya laptopu yenyewe.

Hapo ndipo habari inapotufikia nyumbani. Pita Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue pale Nairobi, uone laptopu zilizotumika Ulaya na Marekani zilivyopangwa madukani. Ni mashine nzuri, ndizo zimesomesha vijana wetu na kuendesha ofisi zetu, mimi sizidharau hata kidogo. Lakini zinakuja na umri wao. Pesti iliyopakwa kiwandani imekauka, feni imejaa vumbi, mashine inapata moto, na mwenye nayo anaambiwa na jirani: peleka kwa fundi akubadilishie pesti. Anaipeleka. Inafunguliwa kwenye kimeza cha barazani, na kiini kisicho na kifuniko kinakutana na bisibisi ya mtu mwenye foleni ya wateja.

Mara nyingi kazi inaisha salama. Isipoisha salama, mazungumzo yake tunayajua. "Fundi, nimeileta inawaka, ila ilikuwa na joto tu." "Kaka, hii ilishachoka, bodi ilikuwa imeshaanza kufa." Na wakati mwingine ni kweli ilishachoka. Lakini pale kwenye pembe ya silikoni, chini ya pesti mpya, unaweza kukuta kipande kimebanduka, na mteja hana macho ya kukitambua.

Pembe ikibanduka si lazima mashine ife siku hiyo. Saketi ziko upande wa chini, na kipande kilichotoka kinaweza kuwa cha mgongoni tu. Mashine inawaka, inalipiwa, inakwenda nyumbani. Tatizo ni kwamba silikoni inatanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa, na ufa uliokwisha kuanza unaweza kuendelea kutembea kila mashine inapowashwa na kuzimwa. Inakufa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka nani aliigusa.

Basi mkono mzuri unafanyaje? Kwanza hauna haraka katika kufungua. Skrubu za hitisinki ya laptopu hazilegezwi moja hadi mwisho ndipo uende kwa nyingine, kwa sababu ile inayobaki imekazwa ndiyo inayokandamiza upande wake. Laptopu nyingi zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4 kando ya skrubu, kwenye chuma chenyewe. Namba hizo zimewekwa na mhandisi aliyejua ni pembe ipi inaumia kwanza. Kufunga unazifuata, kufungua unazirudia kinyume. Pasipo na namba, nenda kimshazari, kila skrubu mizunguko miwili mitatu kisha uhamie ya pembe inayoelekeana nayo, kama fundi wa tairi anavyokaza nati za gurudumu. Skrubu nyingi za aina hii zina springi na zina mwisho wake. Ukifika mwisho unausikia mkononi, na kuendelea kukaza baada ya hapo hakuongezi ubaridi wowote.

Hitisinki ikigoma kutoka, usiinyanyue kwa bisibisi upande mmoja. Pesti kavu inashika kweli kweli. Washa mashine dakika kadhaa ipate joto, izime, toa betri kama inatoka au chomoa waya wake kwenye bodi, kisha izungushe hitisinki kidogo kidogo kulia na kushoto kwa kadiri nafasi inavyoruhusu mpaka iachie yenyewe. Wenye kompyuta za mezani za AMD za soketi ya AM4, na zile za kabla yake, wanalijua tatizo hili kwa namna nyingine. Kwao prosesa ina pini chini yake na soketi inazishikilia kwa kubana tu. Ukivuta hitisinki kwa nguvu, prosesa inatoka nayo ikiwa imeganda chini yake, wenzo bado umefungwa, na pini zimelala. Kuna wenye subira wanaozinyoosha moja moja kwa ubapa wa wembe. AMD waliachana na mpango huo mwaka 2022 walipoleta AM5, ambayo pini zake ziko kwenye soketi na prosesa imebanwa kwa fremu ya chuma.

Kusafisha kiini ni pale ninapowaona watu wakifanya makosa mabaya kwa nia njema. Pesti iliyokauka inaonekana kama uchafu wa kukwanguliwa, basi mtu anachukua kisu au ncha ya bisibisi na kukwangua. Pembeni mwa kiini kuna vipande vidogo vya kapasita, vidogo kuliko punje ya mchele, na kimoja kikiruka mashine huenda isiwake tena. Kinachotakiwa ni pombe ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 90 kwenda juu, kitambaa kisichoacha nyuzi, na muda. Spiriti ya hospitali si mbadala mzuri, maana aina nyingine zinachanganywa mafuta, na mafuta yanabaki.

Pesti yenyewe nisiipigie ngoma sana. Kazi yake ni kujaza mianya midogo kati ya silikoni na shaba ili hewa isikae hapo. Kwenye kifuniko cha kompyuta ya mezani tone la katikati linatosha, chuma kitalisambaza. Kwenye kiini kisicho na kifuniko hakikisha uso wote umefunikwa kwa utando mwembamba, kwa sababu pembe iliyobaki kavu haina wa kuisaidia. Dawa ya meno, ambayo bado kuna watu wanaisifu, ina maji ndani yake. Maji yakikauka umebaki na unga mkavu. Na pesti za metali za majimaji, zile zenye galiamu, ziacheni kwa wanaozijua: zinapitisha umeme, na zikigusa alumini zinaila.

Kuna jambo moja linalovunja viini ambalo halihusiani na pesti wala skrubu, nalo ni zile pedi laini za kijivu au buluu zinazokaa juu ya vifaa vya umeme kandokando ya prosesa. Zina unene maalumu, nusu milimita, milimita moja, moja na nusu. Ikichanika moja, fundi anaweka iliyopo dukani. Ikiwa nene kuliko ya awali, hitisinki inaegemea hapo na kuinama, kisha skrubu zikikazwa zinaivuta kwa nguvu ishukie kiini kwa pembe. Ikiwa nyembamba, kifaa chake cha umeme kinapikwa polepole. Na kuijaza nafasi ya pedi kwa rundo la pesti hakusaidii. Pima pedi ya zamani kabla ya kuitupa.

Wenye kompyuta za mezani wasijione wamevuka. Mwishoni mwa 2015 prosesa za Intel za Skylake, zenye bamba jembamba kuliko kizazi kilichotangulia, zilionekana kupinda chini ya hitisinki kubwa zilizokazwa sana, hasa kompyuta zikitikiswa njiani. Intel ilisema kikomo cha mzigo kilikuwa kile kile cha awali, pauni 50, yaani karibu kilo 23. Kampuni ya Scythe ya Japani ikatoa skrubu mpya za kupunguza kubana. Huko nasi tunahusika, maana kompyuta zetu zinasafiri sana. Ukiipeleka Mbeya au Kigoma kwa basi, na ndani ina hitisinki inayokaribia kilo moja inayoning'inia ubavuni mwa mazabodi, kila tuta la barabarani linaivuta. Ing'oe hitisinki uifunge pembeni. Kama huwezi, ilaze kompyuta ubavu ili mazabodi iwe chini na hitisinki isimame juu yake, kisha mwambie utingo asiigeuze.

Nina ombi kwa wateja na ombi kwa walimu. Mteja, kabla hujaiacha mashine yako, mwombe fundi akuonyeshe joto la prosesa, kisha akuonyeshe tena baada ya kazi. Programu za kupima, kama Core Temp au HWiNFO, ni za bure. Joto likiwa limeshuka, kazi imefanyika. Likiwa halijashuka, au kori moja, yaani kitengo kimoja cha hesabu ndani ya prosesa, ina joto kubwa sana kuliko wenzake muda wote, hitisinki huenda haikukaa sawa, nawe unayo haki ya kuomba ifunguliwe upya mbele yako. Na ukimwona fundi anafuata namba za skrubu, mlipe bila kuvutana naye bei.

Walimu wa vyuo vya ufundi na wenye maduka mnaofundisha vijana: bodi za laptopu zilizokufa zipo tele chini ya meza zenu. Mpeni kila kijana moja. Apake pesti, afunge hitisinki kwa mpangilio, aifungue, mtazame pamoja pesti imeenea vipi juu ya kiini. Ikiwa imekwenda upande mmoja, arudie. Asiguse laptopu ya mteja mpaka pesti itoke imeenea sawa pande zote nne.